Mfuniko wa Shangazi

Wanawake bado wananisimamisha Kariakoo. Natoka zangu sokoni na kikapu changu cha vitunguu, mara nasikia nyuma yangu, "Shangazi wa mfuniko huyo!" Wanacheka, wananipungia, mwingine anatoa simu kabisa anionyeshe nilivyo mle ndani, nimevaa dera la zambarau, nimeinua sufuria juu. "Shangazi siku ile ulituua!" Najibu asante. Nitasema nini? Nikishakata kona nazilaani simu zote za Bongo, moja moja, pamoja na aliyezileta.

Hiyo video ni ya dakika tatu. Ilichukuliwa kwenye kichen pati ya binti wa kaka yangu, na ndiyo iliyonipa umaarufu mjini. Nataka kueleza yaliyo nje ya hizo dakika tatu, kwa sababu nimechoka kushangiliwa.

Mimi ni kungwi. Namfunda mwali kabla hajaolewa, namwambia mambo ambayo mama yake mzazi anaona haya kuyasema. Kazi hiyo nimeifanya zaidi ya miaka ishirini, huku nauza vitenge na madera kwenye fremu yangu ya duka hapa Kariakoo. Kwetu, mwali mwenye shangazi hahangaiki kutafuta mtu wa kumweleza shida za ndoa. Akiudhiwa na mume hamwendei mama wala baba, anakuja kwa shangazi, na shangazi ndiye anayepima: hili linaishia hapa, hili lifike kwa wazee. Binti wa kaka yangu nilikuwa shangazi yake na kungwi wake pia, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda isipokuwa kwangu. Na katika miaka yote hiyo hakuna mama hata mmoja aliyewahi kuniuliza, je, wewe mwenzetu ulifuzu wapi?

Nilifuzu kwa kipigo.

Mume wangu alikuwa anapiga mchana. Alifanya kazi za kliaringi bandarini, kutoa mizigo ya watu, na mzigo ukikwama nilijua kabla hajavua viatu. Alikuwa anakuja kula chakula cha mchana. Anakula vizuri, anasifu mchuzi, ananawa mikono, anaifuta kwa taulo, anakunja mikono ya shati. Halafu ndiyo ananigeukia. Alikuwa ananawa kwanza, jamani. Mpaka leo nikisikia mtu ananawa baada ya kula, mabega yangu yanapanda yenyewe.

Tulipanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita na korido katikati, kuta zinaishia njiani hazifiki kwenye bati. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wewe wa chumba cha nyuma unamwambia pole. Kwa hiyo walisikia. Wote walisikia. Na walichofanya ni kuongeza sauti za redio. Alianza mama wa chumba cha mkabala, fundi cherehani, mwanamke mwema sana ambaye alinilelea mwanangu nilipougua. Yeye akiongeza, na wa pembeni anaongeza, mpaka nyumba nzima inavuma. Nilipigwa na taarabu, nilipigwa na taarifa ya habari, nilipigwa na matangazo ya sabuni. Jioni tukikutana uani kwenye bomba, "Za mchana, mama?" "Salama tu, sijui nyie?" Tunachota maji.

Walikuwa wananisitiri. Ndivyo tulivyolelewa, huyu asijue kuwa tumejua, asione haya kupita koridoni. Na mimi, wallahi, niliwashukuru moyoni. Mpumbavu mkubwa mimi.

Ilikwenda hivyo miaka kumi na moja. Kiharusi kikamwangusha, nikamlisha na kumfuta mate miaka miwili, nikamzika. Matangani wanawake wakawa wanaambiana, tena kwa sauti ili nisikie, "Huyu dada hajawahi kutoa neno la ndani nje. Huyu amefundwa akafundika." Na kabla mikeka haijakunjwa, mama mmoja akanivuta pembeni akaniomba nimfundie binti yake. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Mfuniko niliubuni mwenyewe. Napanda jukwaani na sufuria yenye maji ya moto. Nafunua, mvuke unapanda. "Mnaona nini?" Ukumbi unajibu, "Mvuke!" Nafunika. "Sasa mnaona nini?" "Hatuoniii!" "Basi hiyo ndiyo nyumba ya mwanamke. Jirani asione mvuke wako, mwanangu. Funika!" Na ukumbi mzima unasimama, mamia ya wanawake waliovaa sare, "Funika! Funika! Funika!" Vigelegele mpaka spika zinakoroma. Kisha namkabidhi mwali ule mfuniko, umefungwa utepe, zawadi yangu. Wengine walikuja na friji na majiko ya gesi, lakini kilichopigwa picha ni mfuniko wangu.

Binti wa kaka yangu alifiwa na mama akiwa darasa la nne. Akitoka shule alikuja kwangu, anakaa juu ya majora ya vitenge, anafanya hesabu zake, ananiuliza maneno ambayo watu wazima hawaulizi. "Shangazi, kwa nini yule mama analia halafu anasema hana kitu?" Nilikuwa namwambia anyamaze asome. Alikua, akaajiriwa duka la dawa, akapata mchumba mwenye duka la spea za magari. Kijana mpole, shikamoo yake inakufikia kabla yeye hajafika. Nilimpenda mimi kabla hata binti mwenyewe hajaamua vizuri. Siku ya kichen pati mwali wangu alipiga magoti mbele yangu jukwaani, nikampa mfuniko, akaukumbatia kifuani. Hapo ndipo video inapoishia.

Miezi minane baadaye akaja dukani, saa nne asubuhi, barakoa usoni na miwani ya jua. Nikadhani mafua. Nikamtania, "Umekuwa msanii siku hizi, unajificha na mashabiki?" Hakucheka. Akapita moja kwa moja mpaka nyuma ya majora, pale pale alipokuwa anafanyia hesabu zake, akavua barakoa. Mdomo umepasuka. Shavu limevimba, limeiva rangi.

"Shangazi, kanipiga."

Na mimi nikamuuliza, "Ulimjibu nini?"

Ndilo lilikuwa neno langu la kwanza. Sikusema pole wala sikumuuliza kama anaumwa. Nikipewa siku moja ya kurudia maishani mwangu sitachagua ya harusi wala ya kuzaa. Nitarudi pale nijizibe mdomo kwa jora la kitenge.

Nikatoka, nikachukua barafu kwa muuza juisi ya miwa wa nje, nikaifunga kwenye kitambaa, nikamkanda. Nikatoa poda na fandesheni kwenye mkoba. Nikamwonyesha: usisugue, gusa tu, anzia pembeni kwenye nyama nzima uje katikati, chini ya jicho weka kidogo maana ukizidisha inapasuka ukicheka. Mtandio ushushe upande huu. Ukiulizwa, ni mlango wa kabati. Mikono yangu ilikuwa inajua kazi yenyewe, haikuniuliza.

Na yeye alikuwa anaitazama mikono.

"Shangazi, umejuaje kupaka hivi?"

"Ehee, si maharusi ninaowapamba."

"Maharusi hawana mavimbe." Akaushika mkono wangu wenye poda. "Marehemu alikuwa anakupiga?"

Nikamtazama machoni. Mtoto niliyemsuka nywele, niliyemfundisha kutawadha. Nikasema, "Ebo! Marehemu yule? Hajawahi kuninyanyulia hata kidole."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Akasema, "Basi tatizo ni mimi."

Ningeweza kumkatalia hapo hapo. Palikuwa na muda. Lakini mteja akaingia, anataka kitenge cha sare ya watu thelathini, na mimi nikasimama haraka kumhudumia, na nasema kweli yangu, nilifurahi kuitwa. Niliporudi nyuma ya majora alikuwa ameshavaa barakoa. Nikampa poda yote na dera jipya, nikamwambia amsalimie mume.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimdanganya. Najua watu wangependa niseme nilimhurumia, nilitaka asikate tamaa. Thubutu! Niliona aibu, basi. Na nilihofia kazi yangu. Mjini hapa mimi ndiye mwanamke aliyeishi na mume salama mpaka akamzika, wanawake wananilipa niwapelekee binti zao siri ya salama hiyo. Ningemwambia nini, kwamba siri yenyewe ilikuwa redio za majirani?

Hakurudi tena kunieleza shida. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, hakurudi, kwa sababu alishajua kufunika. Nilikuwa nampigia simu. "Poa, shangazi. Salama tu." Naijua ile salama, ni yangu, ya kwenye bomba. Nikajifanya hamnazo. Sikukuu alikuja amejipamba, uso laini kabisa, na mimi nikaangalia chini ya jicho, nikaona kazi imefanywa vizuri, hakuzidisha. Nikala pilau.

Ukapita mwaka na zaidi. Siku moja kaka yangu akanipigia. Mtoto yuko hospitali, mkono umevunjika na sikio la kushoto linatoka damu. Yeye mwenyewe aliwaambia manesi ameteleza bafuni. Daktari akasema mkono utaunga, sikio hilo ndiyo basi, halitasikia tena. Nesi mmoja hakuiamini hadithi ya bafuni, akakaa naye mpaka akasema.

Tukaitana kikao. Jumapili baada ya sala ya alasiri, sebuleni kwa kaka, Ilala. Upande wa mume walikuja watatu: mume mwenyewe, kofia mapajani, macho chini, mama yake, na baba yake mdogo ambaye ndiye msemaji. Mwali wangu alikaa karibu na mlango, mkono umefungwa mhogo, ile plasta ngumu ya hospitali, sikio limezibwa pamba. Mume akaomba radhi, shetani alimpitia. Shetani huyo alikuwa na njia ya kudumu kwenye nyumba ile.

Baba mdogo akakohoa. "Sisi hatukatai kosa. Lakini tunaambiwa eti ni jambo la siku nyingi. Mbona hatukuletewa? Binti ana shangazi, na shangazi mwenyewe ni kungwi, mji mzima unamjua. Lingekuwepo angelisema." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu. "Maana mafunzo aliyopewa sisi tunayo."

Akabonyeza. Sebule ikajaa sauti yangu. "Jirani asione mvuke wako, mwanangu. Funika!" Na lile jeshi la wanawake, "Funika! Funika!" na vigelegele, pale, mbele ya mtoto aliyezibwa pamba sikioni. Hakuna aliyemwambia azime. Ilicheza mpaka mwisho, mpaka anapoukumbatia mfuniko.

Mama mkwe akasema, tena kwa upole, "Sisi tulioa mke aliyefundwa. Sasa kufundwa kumegeuka kesi?"

Wote wakanitazama. Nikasema, "Mume wangu alinipiga miaka kumi na moja."

Kaka akashtuka. "Unasema nini wewe?"

"Alinipiga. Mchana, akishakula. Alikuwa ananawa mikono kwanza."

"Nani, marehemu? Yule bwana aliyenitafutia mimi kazi?" Kaka alisimama kabisa. "Mdogo wangu, usimchafue mtu yuko kaburini eti kwa sababu umeaibika leo. Miaka yote hiyo ulikuwa bubu?"

"Waulize niliopanga nao. Nyumba nzima ilisikia."

Yule fundi cherehani wa chumba cha mkabala bado yu hai, anakaa kwa mwanawe, na kaka ana namba yake. Akampigia, akaweka sauti ya nje tusikie wote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, samahani, dada yangu hapa anasema marehemu mumewe alikuwa anampiga mlipokuwa mnakaa wote. Mlikuwa mnasikia?"

Nikamsikia anavuta pumzi. Nikawa namwomba moyoni, mama, nakusihi, mara hii moja tu. Akasema, "Mimi sikusikia kitu, mwanangu. Redio yangu ilikuwa juu."

Nikacheka. Kicheko kilinitoka kibaya, mpaka mama mkwe akasema astaghfirullah. Lakini mwanamke yule hakusema uongo hata chembe, redio ilikuwa juu kweli. Alinisitiri mara ya mwisho, na mimi nikabaki mwongo mbele ya ndugu zangu kwa neno la kweli la kwanza nililowahi kulisema kuhusu ndoa yangu.

Kisha mwali wangu akazungumza. Akageuza kichwa, akaniletea sikio la kulia, lile zima.

"Rudia, shangazi. Sikusikia vizuri."

Nikarudia. Miaka kumi na moja.

Hakulia wala hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angenitukana. "Nilikuuliza," akasema. "Siku ile dukani. Nilikuuliza kabisa."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba. Kikao kikaendelea bila yeye. Kikaamua apumzike kwa baba yake mwezi mmoja, halafu mumewe aje kumchukua kwa heshima. Kaka yangu alikubali. Nilisema sikubali, nikaambiwa mimi leo sina la kusema, na baba mdogo akazima simu yake akaomba dua ya kufunga. Nikaitikia amina. Kwa mazoea tu, ulimi ulishatangulia.

Mwali wangu hakupumzika mwezi mmoja. Kesho yake asubuhi alikwenda polisi, dawati la jinsia, peke yake na mhogo wake mkononi. Siku ya tatu wakanipigia. Katika maelezo yake alitaja mtu mmoja tu aliyewahi kumwona na majeraha kabla ya yale ya hospitali.

Sikulala sana siku ile, sitajifanya shujaa. Kungwi anayebeba siri ya mwali mpaka polisi, nani atampa binti yake tena? Habari za kikao zilishatoka, na mama wawili walikuwa wameniambia eti pati zimeahirishwa. Kaka alinitumia ujumbe, nikienda nisikanyage kwake. Na nikienda nitaulizwa, hilo nililijua. Nikavaa baibui nikaenda.

Nilimkuta kwenye benchi lililokuwa humo ndani ya ofisi, ukutani. Nikamsalimia, akasema shikamoo shangazi kama mtoto aliyefundwa vizuri. Leo hii amepanga chumba chake, kesi inapigwa tarehe tu mahakamani, na hiyo shikamoo ndiyo pekee ninayoipata kwake. Nikakaa kwenye kiti mbele ya meza. Askari alikuwa binti mdogo, sawa na wale ninaowafunda, kalamu mkononi. Aliuliza polepole, aliandika polepole. Ulimwona lini? Nikasema. Wapi? Dukani kwangu, nyuma ya majora. Alikuwa katika hali gani? Mdomo umepasuka, shavu limevimba. Alikwambia nani kamfanyia? Mumewe.

"Na wewe ulichukua hatua gani, mama?"

Nikajibu. Askari akainua uso.

"Samahani mama, sauti haifiki. Ulifanya nini?"

Haifiki! Mimi ambaye umeme ukikatika nawafikia wanawake mia tatu bila maiki. Nikageukia kwenye benchi. Nikaitoa ile sauti yangu ya ukumbini, yote, mpaka watu waliokuwa wanasubiri koridoni wakachungulia mlangoni. "Nilimpaka poda! Aliniuliza kama na mimi nilipigwa, nikamwambia sijawahi. Nikampaka poda, nikamrudisha kwake!"

Askari akainama kuandika. Mwali wangu alikuwa amekaa upande, sikio la kushoto limeelekea kwangu, na hakugeuka.